Bangili za Rukia

Jumapili iliyopita nilitumiwa sauti mbili kwenye simu, moja asubuhi na nyingine baada ya adhuhuri. Ya kwanza ilitoka kwa Mwanaidi wa Kismayu, ambaye huzungumza na simu kana kwamba aliye upande wa pili yuko ng'ambo ya barabara. Alinipa habari kwamba Bi Esha amefariki, ameshazikwa, na kwamba nisihangaike kutafuta safari kwa sababu matanga yatakwisha kabla mimi sijamaliza kufikiri. Ananijua. Ya pili ilitoka kwa Sahra, binti aliyezaliwa na Bi Esha, nayo ilikuwa ya sekunde kumi na moja na ndani yake mlikuwa na swali moja. Leo ni Alhamisi na bado sijamjibu. Nimerekodi majibu tisa nikayafuta yote, moja kwa sababu lilikuwa refu, moja kwa sababu nilikohoa, mengine kwa sababu ambazo hata mimi sizikumbuki. Swali lenyewe halieleweki bila mwaka ule niliokaa nyumbani kwa Bi Esha, nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu, shahada mpya ya fasihi, na hofu ya kila kitu isipokuwa kuhukumu watu.

Nilikwenda Kismayu kwa kazi ya mwaka mmoja, kuandika mchezo wa redio kwa Kibajuni, robo saa kila wiki, kwa kituo kidogo cha mjini. Walioniajiri walinambia wanataka mchezo wa familia, basi, maana wasikilizaji hupenda familia. Nilipangishwa kwa Bi Esha, mjane wa kisiwa cha Koyama aliyekaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi Kenya kisha akarudi na kuhamia mjini. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili, ukumbi na ua. Chumba changu kilikuwa na dirisha lililotazama ukuta wa jirani, karibu sana hata ningeweza kuugusa, na wiki ya kwanza nilikesha nikijiuliza kama jirani ananisikia nikigeuka kitandani. Uani kulikuwa na tanuri ya udongo. Kila asubuhi Bi Esha alibandika humo mofa, mikate ya unga wa mahindi, akaitoa imeungua kidogo pembeni, tukaila kwa chai ya maziwa au kwa mchuzi wa samaki uliobaki. Nilikuwa na wasiwasi kwamba ninakula sana. Nikipunguza, nilikuwa na wasiwasi kwamba ataona sipendi chakula chake. Siku ya tano alinisukumia sahani akasema, "Kula, mwanangu. Ukitaka kufikiri, fikiri baada ya kula."

Bi Esha alikuwa mshona kofia, zile za kushonwa kwa mkono zenye vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi, ambazo moja humchukua mshonaji mwezi na zaidi. Alasiri wenzake walikuja ukumbini na kofia zao, wakakaa mkekani na kushona mpaka jua lilipopungua. Mwanaidi hakukosa hata siku moja. Alikuwa na vidole vyepesi kuliko wote na mdomo mwepesi kuliko vidole. Mwingine aliyekuja hakuwa mshonaji. Huyu alikuwa Bi Ubah, mke wa mfanyabiashara, Msomali aliyekulia miongoni mwa Wabajuni na kukisema Kibajuni kama wao. Alileta maagizo ya kofia kutoka kwa jamaa zake, akakaa kwa ajili ya mazungumzo na kwa ajili ya buni, zile kahawa nzima zilizokaangwa kwa samli ambazo Bi Esha alizigawa katika kibakuli kimoja kilichozunguka. Siku za Ijumaa alikuja na mpwa wake, binti wa dadake kama nilivyoambiwa, msichana wa miaka kumi na tisa aliyeitwa Sahra. Sahra hakuketi. Aliamkia, akasimama mlangoni pa ua, akapewa na Bi Esha nusu ya mofa iliyofunikwa kitambaa tangu asubuhi, akaila akiwa amesimama, akasema, "Ahsante, Bi Esha." Nusu hiyo ilitengwa kila siku, si Ijumaa tu. Siku nyingine ikifika magharibi Bi Esha aliwapa mbuzi. Nililiona jambo hilo kwa miezi miwili. Mimi ninayefikiria kila kitu mara saba, hilo sikulifikiria hata mara moja. Nilidhani ni desturi.

Bi Esha alipojua kazi yangu ni nini, aliweka sharti. Hakuna maneno yatakayotoka nyumbani kwake kwenda redioni kabla hayajasikiwa ukumbini. "Tuyasikie sisi kwanza," alisema. "Yakivunjika, yavunjike hapa penye mkeka." Kwa hiyo Alhamisi moja, kabla mchezo haujaanza kurushwa, niliketi mbele yao na karatasi zangu, nikasoma sehemu ya kwanza. Ilikuwa hadithi ya mwanamke aitwaye Rukia, aliyemwacha mtoto wake wa miaka miwili katika nyumba ya watu wengine akasafiri. Nilipomaliza, Mwanaidi hakuinua macho kutoka kwenye kofia.

"Huyu Rukia ni mchu wa wapi?"

Nikasema ni mtu tu.

"Hapana mchu tu. Ana kwao, ana mamake, ana rangi. Nywele zake zikoje?"

Nilieleza kwamba nimeyaacha hayo makusudi, ili msikilizaji aupime uamuzi wake bila kuangalia ukoo wala sura. Niliyaeleza kwa urefu. Mwanaidi alinisikiliza kama anavyosikilizwa mgonjwa.

"Basi usipotwambia, twamtia wenyewe," alisema. "Mimi nimeshamtia shangazi yangu, yule mchoyo. Na sina huruma naye hata kidogo."

"Mimi nimemwona mweupe, mrefu, ana mkoba," alisema Bi Ubah. "Na wewe, Esha?"

Bi Esha alikata uzi kwa meno. "Mimi bado namtafuta," alisema.

Usiku huo nilipata wazo ambalo nililiona la kisomi sana. Ningewasomea hadithi ileile mara mbili, maneno yaleyale, nibadilishe mama tu. Alhamisi iliyofuata Rukia alikuwa mke wa tajiri, mwenye nywele ndefu za kulala, nyumba ya ghorofa na bangili sita za dhahabu zilizolia kila alipoinua mkono. Alimwacha mtoto kwa watu akasafiri miaka miwili. Nilisoma, na ukumbi ukalainika. Bi Ubah alifuta macho kwa ncha ya shela. Mwanaidi alisema, maskini, na mali zote zile hana raha, kumbe matajiri nao wanaumwa. Walimtafutia sababu ambazo mimi sikuziandika. Mmoja alisema pengine mume alimlazimisha, mwingine akasema mama mwenye akili huangalia mbele. Wiki iliyofuata Rukia alikuwa mwanamke wa kisiwani mwenye nywele ngumu, hana mume, hana nyumba. Alimwacha mtoto kwa watu akasafiri miaka miwili. Sikubadilisha kingine. Hata pale anapolia kwenye mlango wa gari niliacha machozi yaleyale.

"Alilia nini sasa?" Mwanaidi aliuliza. "Kuzaa alijua."

"Wengine huzaa kama wanaosahau," alisema Bi Ubah, kwa upole, kama anayetaja hali ya hewa.

Hapo ndipo nilipotaka wafike. Niliwaambia kwamba hiyo ni hadithi moja, neno kwa neno, na kwamba wiki iliyopita walimlilia mwanamke huyohuyo. Nilitegemea waone haya. Mwanaidi aliweka kofia chini kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Si moja, Shamsa," alisema. "Wewe umesoma lakini hukuitazama vizuri. Yule wa bangili akirudi atagonga mlango, atasema nipeni mwanangu, na watampa na chai watamtilia. Huyu wako wa leo akirudi, nani atamfungulia? Yule amemweka mtoto. Huyu amempoteza, na alijua anampoteza. Ndiyo maana nasema alilia nini."

Chumbani nilifungua kompyuta nitafute faraja katika tasnifu yangu ya shahada, ambayo sura yake ya tatu ilihusu akina mama wawili katika hadithi mbili, mmoja wa jumba la kifahari na mmoja wa kibanda, wote wawili wakiwa wameacha watoto. Nilikuwa nimeandika kwamba wa kwanza ni mhusika changamano anayeitafuta nafsi yake. Wa pili nilimwita mzembe. Mwalimu alikuwa ameweka alama ya vizuri pembeni ya neno hilo. Nilisoma kurasa zile mara tatu, nikitumaini kwamba mahali fulani nilieleza tofauti yao kama Mwanaidi alivyoieleza. Sikueleza. Nilikuwa nimewapima kwa samani za nyumba zao, kwa Kiswahili sanifu na kwa tanbihi.

Tangu hapo ilinishika hamu ya kuwafanya wanawake wa ukumbini wampende Rukia maskini. Naweza kusema nilitaka haki, lakini nadhani nilitaka kushinda. Nilikumbuka tulivyofundishwa kwamba mtu akionyeshwa kwa karibu, kwa jambo dogo la nyumbani, huwa vigumu kumhukumu. Nikatafuta jambo dogo. Halikuwa mbali, lilikuwa limefunikwa kitambaa kando ya tanuri. Nikaandika kwamba Rukia, aliporudi, alikaa mji mmoja na mtoto wake, nyumba mbalimbali, na kila asubuhi alivunja mofa akaweka nusu, mtoto asipopita aliwapa mbuzi. Nilijisifu kwa wale mbuzi.

Alhamisi hiyo nilisoma kwa sauti isiyotetemeka. Nilipofika kwenye nusu ya mofa, nilisikia ukumbi umenyamaza, nikadhani nimewapata. Nikaendelea mpaka mbuzi. Nilipoinua macho, sindano zote zilikuwa zimesimama, na hakuna aliyekuwa akinitazama mimi. Bi Ubah aliinuka, akajifunga shela yake taratibu. "Abayo Esha," alisema, neno la Kisomali la kumwita dada, "mimi naondoka. Zungumza na mgeni wako." Bi Esha alimjibu kwamba kofia ya shemejiye itakuwa tayari Jumatatu.

Mwanaidi alinivuta uani mpaka karibu na tanuri, akanieleza kwa sauti ya chini, ambayo kwake ni sauti ya watu wengine. Bi Esha aliporudi kutoka kambini alikuwa na watoto wawili, wa kiume na wa kike, na hakuwa na pa kulala. Dadake Bi Ubah, tajiri, hakuwa amejaliwa mtoto. Walikuja, wakawatazama watoto wote wawili, wakamchukua wa kike kwa sababu nywele zake zililala na angeweza kupita kama wao. Wa kiume alitoka na nywele za mamake. Sasa yuko Mombasa, anafanya kazi. Sahra alikuwa na miaka miwili. Alilelewa mtaa wa pili, na watu wakaachwa waamini wanavyopenda. Alipobaleghe ilibidi aanze kujitanda mbele ya mume wa nyumba ile, ndipo akauliza, ndipo akaambiwa. Tangu siku hiyo Ijumaa huja, hula nusu ya mofa, huondoka.

"Na sasa anaolewa," Mwanaidi alisema. "Baada ya miezi mitatu. Bwana harusi anajua, babake anajua, kadhi atatajiwa jina la baba aliyemzaa Sahra, hilo hawakulificha, dini haitaki. Lakini wanawake wa kwa bwana harusi hawajui. Na harusi haivunjwi na kadhi, Shamsa, huvunjwa na wanawake. Wakijua mamake ni mshona kofia wa Koyama mwenye nywele kama zangu, watapata maneno ya kusema mpaka kijana achoke kuyasikia. Na wewe wataka kuyatia redioni."

Nilisema nitaichoma karatasi. Nilisema nitaacha kazi. Nilisema nitahama nyumba siku hiyohiyo. Mwanaidi alisema nianze kwa kwenda kunawa uso.

Asubuhi yake ilikuwa Ijumaa. Bi Esha alikuwa mbele ya tanuri kama kawaida, mkono umefunikwa kitambaa, akitoa mofa. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwomba radhi usiku kucha, na nilipoanza nikayachanganya, nikaomba radhi kwa kula sana. Akanionyesha kigoda nikae.

"Ulimwandika vizuri," alisema. "Nimemjua mara moja."

Nikamwambia nitamtoa Rukia kabisa. Nitaandika hadithi ya ndugu wanaogombea chombo, au chochote.

"Usimtoe. Mrudishie bangili zake."

Sikuelewa. Akavunja mofa ya kwanza, akaweka nusu chini ya kitambaa kama siku zote, nusu akanipa.

"Mfanye tajiri tena, kama wiki ile. Ghorofa, nywele, bangili sita. Maneno mengine yaache. Hapana mchu atakayenifikiria mimi."

Nilimwambia, kwa sababu siwezi kunyamaza hata ninapopaswa, kwamba itabidi niitoe mofa, maana tajiri wa bangili sita hakai akivunja mofa nusu na kuwapa mbuzi. Haitakuwa kweli. Msikilizaji atashtuka.

"Wachu wakisikia dhahabu hawasikii mofa," alisema. "Mofa iwache."

"Lakini Sahra atajua, Bi Esha. Ataisikia na atajua ni wewe."

Alichukua mofa nyingine, akaikung'uta majivu. "Ndiyo," alisema. Kisha akaniuliza kama chai ina sukari ya kutosha.

Mchezo ulianza kurushwa mwezi uliofuata, na Rukia wangu alivuma mjini kuliko nilivyostahili. Nilivaa buibui nikazunguka sokoni kusikiliza, na niliwasikia wauza samaki wakimwonea huruma, wakimwombea, wakigombana kuhusu mumewe. Hakuna aliyeuliza kwa nini mwenye ghorofa anaoka mofa. Bi Ubah alirudi ukumbini wiki ya tatu, akakaa mahali pake, akapokea kibakuli cha buni. Wiki moja kabla ya harusi aliingia na mgeni. Alikuwa mama wa bwana harusi, mwanamke mnene mwenye sauti nzuri, aliyekuja kuagiza kofia ya mwanawe. Alinitambua kwa sauti yangu redioni, maana nilikuwa nikisoma sehemu ya msimulizi, akanishika mikono yote miwili.

"Huyo Rukia wako ananiliza kila wiki," alisema. "Moyo wa mama ule. Mwenyezi Mungu amkutanishe na mwanawe."

"Amin," alisema Bi Esha.

"Angekuwa mwanamke wa ovyo angemtupa tu huko, asingetazama nyuma."

Niliitazama sindano ya Mwanaidi. Haikusimama, lakini ilipita palepale mara mbili. Bi Ubah alikuwa akichambua buni kibakulini kana kwamba amedondosha kitu. Bi Esha alichukua uzi, akamzungushia mgeni kidoleni kumwonyesha unene wake.

"Kichwa cha kijana ni kikubwa?" aliuliza. "Niambie kweli. Wengi husema kidogo, halafu kofia hukaa juu kama kifuniko."

Mgeni alicheka mpaka akashika kifua. Kofia ile Bi Esha aliishona kwa siku kumi na tisa, mchana wote, akiacha kazi za watu wengine, na harusi ikasogezwa kidogo kwa ajili ya kuingojea. Siku yenyewe alialikwa kama mshonaji. Alikaa upande wa wapishi, mahali ambapo aliweza kumwona bibi harusi bila kuonekana akitazama. Sahra alipita kuwaamkia waliofanya kazi, mmoja mmoja, mkono wake umejaa hina, na alipofika kwa Bi Esha alisema, "Ahsante, Bi Esha," kama Ijumaa zote. Mimi nilikuwa hatua mbili nyuma, nikihesabu ndani ya kichwa changu ni sekunde ngapi walishikana mikono, na nikapoteza hesabu.

Mwaka ulipokwisha niliondoka. Nimeandika michezo mingine tangu hapo, na kila ninapomtia mama ndani yake najiuliza kwanza nimemvisha nini, na nimemvisha kwa ajili ya nani. Watu huniambia hayo ni mawazo mengi kwa kazi ya robo saa. Pengine. Lakini mara nyingi nimemfikiria Bi Esha akiwa ukumbini, redio iko juu ya kabati, mji mzima ukimhurumia kwa sharti moja tu, kwamba awe mwanamke mwingine. Sijui kama alipata faraja au alipata uchungu. Mwanaidi, nilipomuuliza, alisema alipata mofa yake redioni na mwanawe akaolewa, nami niache kuchimba.

Sasa swali la Sahra. Niliisikiliza sauti ile tena leo asubuhi, mara ya mwisho kabla ya kuandika haya. Nyuma yake kuna mtoto anayelia, wa kwake nadhani, na mtu anayefunga mlango. Anasema hivi: "Shamsa, mofa niliijua siku ileile. Lakini mame hakuwa na bangili hata moja maishani mwake. Kwa nini ulimvika?"

Mame. Mwaka mzima nilimsikia akisema Bi Esha. Nadhani ndiyo sababu nimefuta majibu tisa. Katika yote tisa nilikuwa nikijitetea mimi, wakati hakuulizia habari zangu. Nimekwisha kuandika, kwa hiyo nimechukua simu nikabonyeza, nikamwambia alivyosema mamake mbele ya tanuri asubuhi ile ya Ijumaa. "Alizitaka yeye, Sahra. Alisema bangili ni za kuwapa wachu cha kusikiliza. Mofa nilitaka kuitoa, akakataa, nikamwambia wewe utajua ni yeye, akasema ndiyo." Ilikuwa ya sekunde kumi na nne. Nimeituma bila kuisikiliza.